Mnunuzi wa Kompyuta Asiachwe Peke Yake

Si zamani sana mwenye duka la dawa wa Muyinga aliyehitaji kompyuta hakuwa na budi kupanda gari hadi Bujumbura, kuuliza bei kwa wauzaji wawili watatu, na kukubali aliyotajiwa. Bei ya kiwandani ilikuwa siri ya mlanguzi. Siri hiyo sasa imefichuka. Katika masoko ya mtandaoni kama Alibaba, lililoanzishwa China mwaka 1999, mnunuzi wa Muyinga au Gitega huiona bei ile ile anayoiona mwenzake wa Nairobi. Ni jambo jema, na walanguzi hawana budi kulizoea.

Lakini kuiona bei ni jambo moja na kuilipa ni jingine. Muuzaji wa ng'ambo hapokei faranga za Burundi, na salio la Lumicash halimfai kitu. Hutaka dola, nazo dola zimekuwa adimu nchini kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo dalali arudipo kwa mlango wa nyuma: ana kadi ya benki ya nje, na kwa kadi hiyo hutoza atakavyo. Mzigo nao hushuka Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi mpakani Kobero, na ukifika kioo kimepasuka, mnunuzi amlalamikie nani? Hata soko lenyewe laweza kufunga milango, kama Jumia ilivyofanya Tanzania mwezi Novemba 2019.

Kwa upande wa programu hatari ni kubwa zaidi. Programu nyingi za hesabu siku hizi hukodishwa kwa mwezi. Mwenye ghala wa Gitega aliyeweka humo madeni na mali yake yote, kadi ya dalali ikikataliwa siku ya malipo, aweza kufungiwa nje ya hesabu zake mwenyewe!

Kwa hiyo tunazitaka benki zetu zitoe kadi za dola, zenye kikomo, kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Chemba ya Biashara na Viwanda nayo iwakusanye wanunuzi wa Gitega na Muyinga waagize shehena moja, wakiwa na fundi wa kuikagua na mkataba wa dhamana ulioandikwa. Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye ghala anayekodi programu na achapishe hesabu zake kila Ijumaa, azifungie kabatini.