Omena Wamekosa Nini?

Mama mmoja mwenye mimba ya miezi mitano alinishika mkono majuzi sokoni Kitale akitaka kujua kama ni kweli samaki wana sumu. Jirani yake alikuwa amesikia habari za zebaki katika Ziwa Victoria, na tangu siku hiyo mama huyo hajagusa hata omena. Ni ugali na sukuma wiki, basi.

Hofu yake ina chanzo. Wachimba dhahabu wa Migori na kule Geita, Tanzania, hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, na nyingine huishia mitoni. Ikishaingia katika nyama ya samaki, haitoki kwa kuoshwa wala kwa kukaangwa, na mama akila kwa wingi humfikia mtoto tumboni na kudhuru ubongo wake. Wajapani wa Minamata, ambako ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 1956, walizaa watoto walemavu baada ya kula samaki wa bahari iliyochafuliwa na kiwanda.

Lakini samaki hawalingani. Mbuta hula samaki wenzake, na kila mlo humwongezea zebaki. Akizeeka huwa nayo nyingi kuliko ngege anayekula mimea ya majini. Omena huishi muda mfupi mno, atalimbikiza lini? Tena huliwa mzima na mifupa yake, akampa mama kalisiamu na madini ya chuma, na mafuta ya samaki hujenga ubongo wa mtoto yule yule tunayemhofia. Nilimwambia arudie omena na ngege mara mbili au tatu kwa wiki, mbuta mkubwa amwache hadi ajifungue.

Kisha nikamkumbuka Daktari Masazumi Harada, aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walipima nywele za wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi huku kwetu Kenya hawakuipata kwa samaki. Waliipata kwa sabuni za kujichubua ngozi.

"Na wewe unaogea sabuni gani, mama?" nikamuuliza.

Alicheka, akajifunika shavu kwa leso.