Seva ya Chama Isiwe ya Mtu Mmoja

Ndugu wanachama,

Mimi ni mfanyakazi wa reli. Kazi yangu ni kupanga mabehewa yadini, na kila siku nashika mkono wa pointi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, basi, wala sikusomea kompyuta. Hata hivyo nina neno la kusema juu ya kompyuta ya chama chetu, ile tunayoiita seva. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana jambo lenyewe limekwisha kutugharimu wanachama wawili.

Kwa wale ambao hawajaiona, nieleze kwanza. Tawi letu halina fedha nyingi, kwa hiyo kamati ilichagua programu ya Nextcloud. Programu hii ilianzishwa mwaka 2016 na Frank Karlitschek pamoja na wenzake, waliotoka katika programu nyingine iitwayo ownCloud. Ni programu huria, na mtu yeyote aweza kuiweka katika mashine yake mwenyewe bila kununua leseni. Humo ndimo tunamoweka kumbukumbu za mikutano, orodha ya wanachama, hesabu za michango na barua za malalamiko. Katibu akiandika ofisini, mjumbe wa karakana anasoma katika simu yake saa ile ile. Ni kazi njema, nami siipingi hata kidogo.

Basi, seva hii husimamiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya amri. Mtu hufungua dirisha jeusi akaandika maneno yanayoanza na occ, herufi kwa herufi, kama karani wa simu za zamani. Njia ya pili ni ya picha. Msimamizi huingia kama mnavyoingia ninyi, kisha hufungua ukurasa wa usimamizi, na hapo huona huduma zimepangwa kwa majina yake: kalenda, mazungumzo, kugawa faili na nyinginezo. Kando ya kila huduma pana kitufe cha kuiwasha au kuizima. Mtu anayejua kusoma, na ambaye ameelezwa vizuri, aweza kuielewa kwa siku chache.

Sisi tulichagua njia ya kwanza, tena tukamwachia kijana mmoja. Alikuwa kijana mwema na hodari. Tulimsifu, tukamwita fundi wetu, na hakuna aliyemwuliza anafanya nini. Hata ikafika siku akapata kazi mji mwingine, akaenda zake na baraka zetu. Ndipo tulipotambua kwamba ameondoka na funguo zote kichwani mwake.

Kabla ya hapo, mjumbe wetu mmoja alitaka kuwaonyesha wenzake karatasi ya madai ya saa za ziada. Akatengeneza kiungo cha kufungulia folda ile, akakituma kwa kundi la simu. Hakuweka neno la siri, wala hakuweka siku ya mwisho, kwa kuwa seva haikumlazimisha. Ndani ya folda mlikuwa na karatasi ya madai, na pia majina ya watu waliokubali kutoa ushahidi. Kiungo kikapita mkono hata mkono, mwishowe kikafika kwa msimamizi wa kazi wa mahali fulani ambapo baadhi ya wanachama wetu ni vibarua. Wawili wakaitwa, wakaulizwa kwa upole sana kama wanapenda kazi yao.

Sisi kwenye kamati tulipata habari hiyo siku ya Ijumaa. Tulikaa mbele ya ile kompyuta, watu wazima saba, na hakuna hata mmoja aliyejua jinsi ya kukifunga kiungo kile. Mjumbe aliyekitengeneza alikuwa safarini na simu yake imezimwa. Tulimtafuta yule kijana mpaka Jumatatu. Siku tatu nzima mlango ulikuwa wazi. Wale vibarua wawili hawakurudi tena mkutanoni. Mmoja alinikuta njiani akaniambia, "Nilikipa chama jina langu. Sikumpa msimamizi." Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu zangu, tusimlaumu mwajiri peke yake, wala yule kijana, wala yule mjumbe. Kosa lilikuwa letu sote. Yadini tunajua kwamba behewa halijui nia yako. Hufuata reli ilivyofunguliwa. Ukiacha pointi vibaya, behewa litakwenda vibaya, hata kama uliyeiacha ni mtu wa sala. Seva nayo ni hivyo hivyo. Na pointi zetu tulimwachia mtu mmoja, wala hatukutaka kujua zimeelekea wapi.

Ndiyo maana nasema: tuisimamie seva kwa ukurasa wa picha, na wanaoujua wawe zaidi ya mmoja.

Wako wenzetu wanaopinga. Wanasema vitufe vitawafanya watu wasio na ujuzi kuchezea mali ya chama, na kwamba amri ngumu ni ulinzi. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kitufe ni chepesi, na mtu aweza kuzima kalenda ya tawi zima kwa kidole kimoja akiwa anafikiri juu ya chakula chake. Lakini ugumu si ulinzi. Ugumu uliwazuia watu saba wa kamati, haukumzuia mgeni aliyekuwa na kiungo. Yadini hatufichi namna ya kuvuta mkono wa pointi. Tunamfundisha mtu, tunampima, kisha tunamwandika kuwa huyu ana ruhusa na yule hana.

Na programu yenyewe imeliwekea jambo hilo njia. Si lazima kila mtu apewe mamlaka yote. Msimamizi mkuu aweza kumfanya mtu kuwa msimamizi wa kundi lake tu, akaongeza na kuondoa watu wa karakana bila kugusa hesabu za mweka hazina. Huduma nyingi zaweza kuruhusiwa kwa kundi moja na kunyimwa kundi jingine. Katika sehemu ya kugawa faili pana vitufe vya kulazimisha kila kiungo kiwe na neno la siri na siku ya kufungwa. Vitufe viwili hivyo, kama vingaliwashwa, kiungo kile kisingefunguka mikononi mwa asiyepewa neno la siri, na siku yake ingefika kikajifunga chenyewe. Hata huduma ya viungo vya nje yaweza kuzimwa kabisa, kama tawi halina haja nayo.

Tena iko programu ndogo ya kuandika daftari: nani ameingia, nani amefungua faili, nani amegawa nini. Usipoiwasha, haiandiki. Yetu haikuwashwa, na ndiyo sababu mpaka leo hatujui ni watu wangapi waliosoma majina yale. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siri za wanachama ni mali kuliko michango yao.

Kwa wale ambao kazini kwao hutumia SharePoint ya Microsoft, habari haina tofauti kubwa. Huko pia vipengele huwashwa na kuzimwa kwa kurasa za picha au kwa amri. Katika ile inayowekwa kwenye seva za ofisi yenyewe, vipengele vina ngazi 4, kuanzia seva zote kwa pamoja hadi tovuti moja. Anayeshika kitufe lazima ajue yuko ngazi gani, asije akazima stesheni nzima akidhani anazima taa ya chumba kimoja.

Lakini nisiwadanganye kwamba picha zatosha kwa kila jambo. Siku ambayo programu imeharibika na ukurasa haufunguki, vitufe navyo havionekani. Siku hiyo ni amri tu zitakazotuokoa. Kwa hiyo simfukuzi fundi wa amri. Nataka awepo, aheshimiwe, na aandike maarifa yake kwenye karatasi itakayokaa katika kasha la chama. Fundi asiyeandika ni kama dereva anayeijua njia peke yake. Siku akiugua, treni hailali nyumbani.

Basi naleta mashauri haya kwa mkutano ujao wa tawi, na naomba mwenzangu mmoja aniunge mkono.

Kwanza, wanachama watatu wafundishwe ukurasa wa usimamizi, na mmoja wao awe mwanamke kutoka kwa wafagiaji au wapishi, kwa maana majina yao pia yamo humo. Pili, mtu asitumie jina la msimamizi kwa kazi za kila siku. Alitumie anapobadili jambo, kisha atoke. Tatu, kila kitufe kinachobadilishwa kiandikwe katika kitabu cha karatasi ofisini: siku gani, nani, kwa nini, na nani alishuhudia. Nne, viungo vyote vya zamani vipitiwe, na kisicho na kazi kifutwe. Tano, mtu akihama au akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku ile ile, hata kama ni rafiki yetu mpenzi.

Sheria ya kulinda data za watu ilipitishwa hapa Kenya mwaka 2019, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Lakini haki hiyo ni ya karatasini tu ikiwa mtu anaogopa kuandika jina lake kwetu. Twawadai waajiri wafungue vitabu vyao mbele yetu. Je, sisi wenyewe twaweza kuonyesha nani anashika ufunguo wa kitabu chetu?

Mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha kufundishwa. Na nikisha kujua, nitakwenda kwa wale ndugu wawili niwaonyeshe kwa macho yao kwamba mlango umefungwa. Labda watarudi, labda hawatarudi. Lakini wa tatu asiondoke kwa sababu hiyo hiyo.

Wenu katika chama,
Mfanyakazi wa Reli