Ukihamia nchi nyingine usiache baiskeli, ila mashindano yasubiri

Karatu ina wageni wa aina mbili. Wapo watalii wanaopita kuelekea Ngorongoro, na wapo waliokuja kuishi: walimu, wauguzi, wafanyakazi wa hoteli na wa mashirika. Baadhi yao kwao walikuwa wakishiriki mbio za baiskeli, si kwa kulipwa bali kwa kuupenda mchezo. Wakishahamia hapa hutaka kujua kama wanaweza kuendelea.

Jibu ni ndiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Isitoshe, anayehama huacha ndugu na marafiki kwa mkupuo, na mara nyingi mchezo ndio humpatia wenzake wapya. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na David Kinjah, alihamia Afrika Kusini akiwa kijana. Hakuacha baiskeli, na baadaye alishinda Tour de France mara nne.

Tatizo ni haraka. Mgeni hutaka kuonyesha kuwa naye yumo, akaingia mashindanoni wiki ileile aliyofika. Mwili wake bado uko alikotoka.

Mto wa Mbu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Karatu mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Huko juu hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Mwanzoni moyo hufidia kwa kupiga haraka zaidi. Kisha figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, kazi inayochukua wiki kadhaa. Mazoezi makali hayawezi kuiharakisha.

Kwa hiyo, wiki mbili za kwanza endesha taratibu, kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza. Wiki ya tatu anza vilima. Mashindano yaje baada ya hapo. Kunywa maji ya kutosha na jikinge na jua, kwani miale yake huwa mikali zaidi kadiri unavyopanda.

Pima wingi wa damu, hasa mwanamke mwenye hedhi nzito, lakini usimeze vidonge vya madini chuma bila kipimo. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja, hata kama hajawahi kuugua, amwone daktari kwanza, maana kujitutumua sana mahali pa juu kunaweza kumdhuru. Ukipata homa usipande baiskeli. Pima malaria siku hiyohiyo. Mbwa akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi kituo cha afya kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Barabara nayo ina mazoea yake. Anayetoka Burundi, Rwanda au Kongo amezoea kupita kulia, na hapa tunapita kushoto. Kwenye mteremko, mazoea hayo yanaweza kumpeleka mbele ya gari.

Kijana wa Karatu anayekwenda kufanya kazi Muscat anahusika pia. Huko atapita kulia, na badala ya mwinuko atakabiliana na joto. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea, akianza na safari fupi za alfajiri.

Waandaaji wa mbio, zikiwamo za tamasha la michezo la Karatu la kila Desemba, wanaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Waongeze swali moja kwenye fomu ya usajili: umefika lini? Aliyefika chini ya wiki tatu aruhusiwe kuendesha na wenzake bila kushindania zawadi. Mhudumu wa afya na gari la wagonjwa viwepo njiani.

Na wewe mshiriki, mwenyeji au mgeni, ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi hata baada ya kupumzika, shuka kwenye baiskeli na uende hospitali. Usisubiri mstari wa kumalizia.