Hoja dhidi ya ua la Amani hazisimami

Kila linapotajwa suala la kulinda Saintpaulia, lile ua la zambarau la miamba ya Usambara Mashariki, hoja zilezile hurudi. Wasomaji mmezisikia. Zinatolewa kana kwamba ni ushahidi, basi zipimeni kama ushahidi.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni kwamba ua hili si adimu, kwa kuwa linauzwa kwenye vyungu kote Ulaya na Marekani. Kweli, linauzwa. Lakini fuateni njia liliyopita. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua Armacost na Royston wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakateua miche kumi, na biashara ya Marekani ikajengwa juu ya hiyo. Isitoshe, ua la chungu huzalishwa kwa kuchomeka jani udongoni, hivyo mche mpya ni nakala ya mama yake. Nakala milioni moja za mmea mmoja haziongezi aina hata moja. Maua ya mlima Tongwe, ya Magunga na ya Amani yanatofautiana kwa majani, vinyweleo na namna ya kutambaa. Tofauti hizo ndizo adimu, na kwao ni miambani huku.

Wengine hukimbilia kwa wataalamu. Mwaka 2006 mtaalamu wa mimea Iain Darbyshire alipunguza spishi zilizokuwa zikihesabiwa kufikia ishirini hadi sita. Mwaka 2015 jenasi nzima ikaingizwa ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus. Kwa hiyo, wanasema, hata sayansi imekiri hakuna cha pekee. Hawakuisoma kazi yenyewe ya Darbyshire. Kadhaa kati ya spishi hizo hazikutupwa, zilishushwa daraja zikawa nususpishi, na kila moja ina mahali pake. Daraja likibadilika kitabuni, idadi ya miche kwenye jabali inabaki ileile.

Kuna pia wanaosema tuling'oe, tulipande bustanini, msitu uendelee na shughuli nyingine. Hili linastahili jibu refu, maana linasikika kama huruma. Saintpaulia hushika mizizi katika udongo kiduchu na kuvumwani, kwenye nyufa za mawe, mara nyingi kando ya kijito. Inaishi kwa kivuli na unyevu wa miti iliyo juu yake. Ukikata miti hiyo, jua hupiga jabali, kuvumwani hukauka na majani huungua, hata kama hakuna mkono uliogusa ua lenyewe. Bustani inaweza kuokoa miche michache, na hapo tatizo jingine linaanza: aina hizi huchavushana kwa urahisi. Zipande pamoja, uvune mbegu bila uangalizi, na baada ya vizazi vichache hutajua lipi lilitoka Tongwe na lipi Amani. Bustani ni akiba ya dharura, haichukui nafasi ya msitu.

Halafu watu haohao hugeuka na kusema ua hili halina faida kwetu. Liwekeni dai hili kando ya lile la kwanza. Linauzwa dunia nzima, na papo hapo halina thamani? Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Fedha ya biashara ile haikuja Muheza, wilaya yenye Amani, kwa sababu mbegu ziliondoka miaka mia moja kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992, uliotambua haki ya nchi juu ya mimea yake. Mkataba haurudi nyuma kudai cha 1892. Tulichobaki nacho cha kujadiliana juu yake ni kile kilicho hai miambani leo.

Hoja nzito zaidi ni ya ardhi, nami siidharau. Wakulima wa iliki wa Derema, jirani na Amani, walipoteza mashamba yao ili misitu iunganishwe, na suala la fidia likavutaniwa kwa miaka. Malalamiko yao ni ya haki. Ila yanahusu namna watu walivyotendewa, na hayathibitishi kwamba ua ni adui wa mkulima. Nyufa za miamba hazilimiki. Miti inayoyatia maua kivuli ndiyo inayohifadhi vijito vya mto Zigi, na Zigi hujaza bwawa la Mabayani, ambako jiji la Tanga linapata maji.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, lakini si kila mwamba wenye ua uko ndani ya mipaka yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa wanakijiji sauti juu ya ardhi yao. Wenyeviti wa vijiji vya Amani na Tongwe, iandikeni miamba hiyo na miti yake katika mipango ya matumizi ya ardhi, kabla msumeno haujafika.