Mto Upewe Njia, Mji Upewe Mwinuko

Hakuna mwananchi wa Bukoba asiyeujua Mto Kanoni. Unateremka kutoka vilimani, unapita mjini na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Wakati wa kiangazi ni mto mpole. Masika yakipamba moto huingia majumbani bila kubisha hodi. Sisi wa Kitendaguro, pamoja na ndugu zetu wa visiwani wanaoleta dagaa na kurudi na ndizi, chumvi na saruji, tunautegemea mji huo mmoja. Ukizama, tumezama sote.

Kila baada ya mafuriko husikika rai mbili. Wengine husema wakazi wa bondeni wahamishwe mbali. Wengine husema mto ujengewe kuta na mambo yaendelee kama zamani. Kwa maoni yetu, rai zote mbili zina upungufu, na ushahidi upo katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hilo. Baadhi ya wakazi wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Wapo waliorudi, maana kiwanja walipewa lakini riziki yao ilibaki Kariakoo. Mwaka 2019 ulitolewa mpango wa namna nyingine, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya bonde hilo. Shabaha yake ni kupanua mkondo, kuliacha bonde la chini liwe bustani ambamo maji yanaweza kutuama bila kumdhuru mtu, na kutumia udongo unaochimbwa kuinua kingo ili pajengwe nyumba, maduka na masoko kwa pamoja.

Fikra hiyo inatufaa. Lakini tusiinakili kama mtoto wa chuoni anavyonakili ubao wa mwenzake, kwani hali yetu ina tofauti kubwa mbili.

Kwanza, sisi tuna ziwa. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, wala halikurudi upesi kwenye kina chake cha awali. Mei 2020 lilifikia tena kipeo cha mwaka 1964, na Mei 2024 likakipita. Ziwa likijaa, mto hukosa pa kumwaga maji, na mafuriko ambayo kwingine huondoka kwa siku chache huweza kukaa miezi. Kwa hiyo kimo cha mtaa mpya kipimwe kutokana na ziwa la Mei 2024, si kutokana na ufukwe unaoonekana wakati wa kiangazi.

Pili, ardhi yetu hutikisika. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo nyembamba hukwepa maji, lakini tetemeko huiangusha. Ni afadhali kuinua ardhi yenyewe, udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na kuta zifungwe kwa mikanda ya zege yenye nondo. Vyoo vya shimo visichimbwe karibu na maji, la sivyo kila furiko litatuletea kipindupindu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni sheria njema, ila haifai ikumbukwe siku ya kupaka alama ya X nyekundu ukutani tu. Mpaka uwekewe mawe ya zege sasa, kabla ya msingi wa kwanza kuchimbwa. Mafunjo yaachwe yaote. Na atakayeondolewa bondeni awe wa kwanza kupewa kiwanja mwinukoni, karibu na soko, apate kuishi ghorofani na kuuza chini.

Kwa ndugu zetu wa Musira, Bumbire na Goziba, somo ni lile lile. Mwalo hauna budi kuwa majini, kwani samaki hashuki mlimani. Lakini vitanda vya watoto, zahanati na ghala la nyavu havina sababu ya kukaa mchangani.

Wazee wa Buhaya walijenga juu ya miinuko, kibanja kikiizunguka nyumba, na mabondeni wakayaachia maji nafasi yake. Hawakuwa na ramani za mipango miji, ila waliijua njia ya maji. Viongozi wetu wanazo ramani. Tunawaomba wazitumie kabla ya masika mengine, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.