Mwanafunzi wetu Stockholm: kupakua anajua, tatizo ni kuandika

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa mwezi Agosti, mabehewa ya njia ya buluu ya treni ya chini ya ardhi, ile inayopita Kista kaskazini mwa Stockholm, hujaa wanafunzi wapya wenye mabegi mgongoni na ramani kwenye simu. Miongoni mwao wamo wanaotoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mwaka 2011 Sweden ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, na tangu wakati huo mtoto wa mkulima kuja kusoma hapa kwa kujilipia mwenyewe ni jambo la ndoto. Wanaofika sasa wengi wao wamepata ufadhili, au ni wahadhiri wa vyuo vyetu waliokuja kusomea shahada za juu kwa mipango ya ushirikiano wa vyuo.

Watu wa nyumbani hudhani kwamba kinachomsumbua mwanafunzi wa aina hii akifika hapa ni kompyuta na mitambo ya Wazungu. Sivyo. Kijana wa siku hizi amezaliwa na simu mkononi, anajua kununua bando la usiku, anajua kupakua kitabu chote kwa dakika tatu. Kinachomshtua ni jambo jingine kabisa, nalo ni kwamba katika somo la wiki ya kwanza tu anaambiwa aandike mawazo yake mwenyewe, ayaweke mtandaoni mahali ambapo darasa zima litayasoma, kisha asome ya wenzake na kuyajibu. Mwalimu naye husoma, lakini yeye ni msomaji mmoja kati ya thelathini.

Sisi tuliofika hapa katika miaka ya 2000 tunakumbuka vizuri usiku ule wa kwanza wa kukaa mbele ya kisanduku cheupe kwenye skrini, na hakuna cha kuandika. Si kwamba hatukusoma. Tulisoma sana. Lakini kila sentensi tuliyoianza tuliiona kama kosa linalosubiri kuwekewa alama nyekundu. Nyumbani tulikuwa tumefunzwa kwa madesa. Noti za mwalimu hutolewa nakala kwenye duka la karibu na chuo, zikazunguka kutoka darasa la mwaka huu hadi la mwaka unaofuata, na siku ya mtihani ukayarudisha maneno yale yale yalivyo. Intaneti ilipokuja, desa likahamia kwenye simu. Kilichobadilika ni karatasi tu.

Nukta ya kuzingatiwa hapa ni kwamba mfumo wa Sweden haukuanza na mtandao. Mwanafunzi wa hapa anapomaliza tasnifu yake, hata ile ya shahada ya kwanza, hupangiwa mwanafunzi mwenzake ambaye kazi yake ni kuisoma na kuipinga mbele ya watu, kwa adabu lakini bila huruma. Baadaye tasnifu nyingi huwekwa katika hazina ya wazi iitwayo DiVA, iliyoanzia Uppsala mwaka 2000 na ambayo leo inatumiwa na vyuo vingi vya nchi hii. Mtu yeyote duniani anaweza kuisoma bila kulipa hata senti. Zaidi ya hapo, kwa sheria za Sweden karatasi ya mtihani ikishakabidhiwa katika chuo cha serikali inakuwa hati ya umma, na mwananchi asiyekujua anaweza kuomba kuiona. Kwa wengi wetu jambo hili lilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Baadaye tukazoea, na baada ya kuzoea tukaanza kuandika vizuri zaidi, kwa sababu mtu anayejua kuwa atasomwa hachezi na maneno.

Itakumbukwa kuwa historia zetu mbili ziliachana mapema. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kuvurugika. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1978, Jacob Palme na wenzake wa hapa Stockholm waliwasha mfumo ulioitwa KOM, ambamo watu waliketi mbele ya mashine zao na kujadiliana kwa maandishi, huyu leo na yule kesho, karibu kama tufanyavyo sasa. Mwaka 1998 Sweden ikaweka mpango wa kodi uliomwezesha mfanyakazi wa kawaida, hata wa kiwandani, kupata kompyuta ya nyumbani kupitia mwajiri wake. Sisi tulingoja hadi Julai 2009 ndipo nyaya ya kwanza ya baharini, ya SEACOM, ikafika pwani yetu ya Dar es Salaam na Mombasa. Kabla ya hapo mawasiliano yalitegemea setilaiti, na katika mkahawa wa intaneti wa Kariakoo uliweza kumaliza saa nzima uliyolipia ukisubiri ukurasa mmoja ufunguke.

Hata hivyo, si kweli kwamba hatukuwa na waandishi. Kabla nyaya haijafika, Waswahili walikuwa wameshaanza. Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, akiwa Marekani, alianzisha blogu yake ya Jikomboe na kuwashawishi wengine wafuate. Mwaka uliofuata mpiga picha Issa Michuzi alifungua ya kwake akiwa Helsinki, jirani zetu hapa ng'ambo ya Bahari ya Baltiki. Wengi walijifunza kwa kuulizana kwa barua pepe. Kile kilikuwa chuo, japo hakikutoa cheti, na kilifundisha somo ambalo shule zetu hazikuwa nalo: kuandika Kiswahili cha mambo ya leo kwa msomaji usiyemjua.

Mwishoni mwa mwaka 2009 Google nao waliingia. Waliandaa mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, waandike makala za Wikipedia kwa Kiswahili, washindi wapewe kompyuta za mkononi, simu na zawadi nyinginezo. Makala mamia ziliandikwa. Zawadi zikagawiwa mwanzoni mwa 2010, na baada ya hapo wengi wa washindani hawakurudi tena. Baadhi ya wahariri wa kujitolea walibaki wakisafisha makala zilizotafsiriwa kwa mashine bila kusomwa. Hatuwacheki vijana wale. Waliitwa kwenye mashindano, wakashindana, wakaenda zao. Ni nani aliyewaambia kwamba kuandika kungekuwa sehemu ya masomo yao, kungepewa alama, kungesomwa na profesa wao?

Leo Wikipedia ya Kiswahili, lugha inayokadiriwa kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200, ina makala karibu laki moja. Ya Kiswidi, lugha ya watu kama milioni 10, ina zaidi ya milioni mbili na nusu. Kwa haki inafaa tuseme kuwa sehemu kubwa ya hizo za Kiswidi iliandikwa na programu ya kompyuta iliyotungwa na mtu mmoja, Sverker Johansson, ambayo iliorodhesha wadudu na vijiji vya dunia nzima. Lakini hata ukiziondoa zote hizo, mtoto wa Sweden anayetaka kujua ini linafanya kazi gani atasoma kwa lugha ya mama yake. Wa Tanzania atajifunza kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha sekondari ataambiwa aanze upya kwa Kiingereza. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliahidi kulibadili jambo hili, haikutekelezwa, na toleo lake la mwaka 2023 likakiacha Kiingereza mahali pake. Mwanafunzi huyo akiandika mtandaoni kwa Kiswahili, shuleni hapati kitu. Akiandika kwa Kiingereza anaogopa kuchekwa. Basi anapakua.

Kisha likaja jambo la mwaka 2018. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania zilimtaka hata mwenye blogu ya kawaida kuomba leseni: shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni ya kwanza, na milioni moja nyingine kila mwaka. Jumla shilingi 2,100,000. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwanafunzi anayengoja bumu ili ale chakula cha mchana angezitoa wapi fedha hizo? Mwezi Juni mwaka huo hata JamiiForums ilizimwa kwa muda. Marekebisho ya baadaye yalipunguza makali, ada ikashuka, lakini walionyamaza wengi walikuwa wameshazoea kunyamaza. Mtandao wa X ulifungiwa Mei 2025, na kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 29 mwaka huo intaneti ilikatwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Mazungumzo ya kanuni hizi huwa ni ya siasa na usalama. Sisi tunayatazama kwa jicho la mwalimu: darasa ambalo mlango wake unaweza kufungwa kwa amri usiku mmoja, ni mzazi gani atamlipia mtoto wake aingie?

Hapa Sweden mtu haombi leseni ili aandike. Sheria ya uhuru wa uchapishaji ni ya mwaka 1766, na tovuti binafsi inayotaka ulinzi kamili wa kikatiba unaopewa magazeti inaweza kuomba cheti cha uchapishaji kwa hiari yake. Asiyekiomba anaandika vilevile.

Wako watakaotujibu kwamba Waswidi wenyewe wanarudi nyuma. Ni kweli, na tusilifiche. Mwaka 2023 serikali, kupitia waziri wa shule Lotta Edholm, ilitenga kronor milioni 685 kwa ajili ya vitabu vya karatasi, na wataalamu wa Karolinska Institutet walikuwa wamekosoa waziwazi mpango wa kuongeza vifaa vya kidijitali mashuleni. Habari hii ilipokelewa nyumbani kwa furaha ya ajabu, kana kwamba imethibitisha kuwa wasiokuwa na kompyuta ndio waliokuwa na akili. Tuisome vizuri. Waswidi wanawanyang'anya watoto wadogo skrini za kutazama na kubonyeza, ili wasome kurasa ndefu na kuandika kwa mkono. Hakuna aliyemwambia mwanafunzi wa chuo aache kuandika. Tena wanaoondoa skrini ni watu wenye vitabu vya kuweka mahali pake.

Wakati wa korona tuliona tofauti hii kwa macho. Machi 2020 vyuo na shule za juu za Sweden zilihamia mtandaoni kwa siku moja, na wanafunzi wakaendelea kuandika na kujibizana kama kawaida, huku shule za watoto zikibaki wazi. Tanzania ilifunga shule zote tarehe 17 Machi na kufungua vyuo tarehe 1 Juni. Uganda ilikaa hadi Januari 2022 kabla ya kufungua shule zote. Redio na televisheni zilijitahidi, Ubongo wa Dar es Salaam na Eneza ya Nairobi, inayotumia ujumbe mfupi wa simu, walifikia watoto ambao intaneti haikuwafikia. Lakini redio haisomi insha ya mtoto.

Yote haya yana haraka yake sasa. Ushirikiano wa utafiti kati ya Sweden na Tanzania ulianza mwaka 1977, na ndio uliowaleta hapa wahadhiri wengi wa Mlimani. Kuanzia mwaka 2004 kituo cha Spider, kwa fedha za Sida, kilishughulikia mambo haya haya ya kompyuta na maendeleo. Desemba 2025 serikali ya Sweden ilitangaza kwamba itasitisha misaada ya maendeleo kwa nchi tano, Tanzania ikiwamo, ili kuelekeza fedha Ukraine. Wahadhiri watakaokuja Kista watapungua. Kinachobaki ni wale waliokwisha kurudi, na hao wana uwezo wa kufanya jambo lisilohitaji mfadhili. Mhadhiri mmoja wa Dodoma au Mlimani anaweza muhula ujao kuwataka wanafunzi wake waandike maelezo ya somo kwa Kiswahili, wasomane, wasahihishane, na kuyaweka mahali pa wazi, kwa alama kumi kati ya mia. Mwanafunzi anayejua kuwa dada yake wa kidato cha pili atayasoma hatayaandika kivivu.

Wasomaji wako, na baadhi yao wako hapa. Sheria ya Sweden inampa mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani haki ya kufundishwa lugha hiyo, mradi wilaya iwe na watoto angalau watano wanaoitaka na mwalimu apatikane. Tangu Julai 2015 somo hilo linaruhusiwa kufundishwa kwa njia ya mtandao pale mwalimu anapokosekana karibu, hivyo mtoto wa mji wa mbali anaweza kufundishwa Kiswahili na mwalimu aliye Stockholm. Mwalimu huyo akitafuta ukurasa wa Kiswahili unaomweleza mtoto wa miaka kumi jinsi mvua inavyotokea, mara nyingi humaliza jioni yake akiuandika mwenyewe.