Upepo wa Singida si wa kujazia malori

Kila likifanyika kongamano la nishati, hakosi msemaji wa kukumbusha kwamba Singida ina upepo na jua, basi tuzalishe haidrojeni ya kijani, malori yaachane na dizeli. Ukumbi unapiga makofi. Hesabu haipigwi.

Tuipige. Kuchanganua maji kwa umeme mpaka upate kilo moja ya haidrojeni kunakula uniti 50 hadi 55, na hapo hujaigandamiza iingie kwenye tangi. Ikigeuzwa tena kuwa umeme ndani ya lori, unaambulia uniti 17 hivi. Theluthi mbili zimeishia njiani. Mtu anayenunua LUKU ya buku buku pale Manyoni akisikia mpango huo atakuuliza kama una akili timamu.

Wapinzani nao hukimbilia maji, eti mkoa ni mkavu. Hoja dhaifu. Kilo hiyo ya haidrojeni inatokana na lita 9 tu. Ongeza za kupoza mitambo, bado si za kutisha. Kinachouma ni umeme.

Na umeme una njia fupi. Kituo cha kupoza umeme cha Singida kipo kwenye njia ya kilovolti 400 ya Iringa hadi Shinyanga, na hapo ndipo ilipochomoka ile ya kwenda Kenya kupitia Namanga. SGR, reli ya umeme, inajengwa kupitia Manyoni na Itigi kuelekea Tabora. Shehena ya Kigali inayohemea mlima Sekenke ikihamia behewani, upepo utaivuta kwa waya. Wakamuaji wa alizeti nao wanachotaka ni umeme usiokatika, basi.

Haidrojeni ina pake: mbolea. Karibu na Naivasha kuna shamba linalojitengenezea amonia kwa umeme wa jua, na hilo nalikubali, maana mbolea haisafiri kwa waya. Lakini hata huko tuende kwa macho. Kiwanda cha mbolea cha Sable cha Kwekwe, Zimbabwe, kilizalisha haidrojeni kwa umeme kwa miongo kadhaa. 2015 kikazima mitambo hiyo, umeme ukiwa ghali na haba, kikabaki kuagiza amonia Afrika Kusini.

Mradi wa upepo wa megawati 100 wa Singida umeimbwa kwa zaidi ya miaka kumi, huku kampuni ya Mwenga kule Mufindi ikiwa imeshasimika wake wa megawati 2.4. Wapenzi wa haidrojeni watuambie kwanza mapangaboi ya Singida yanasimama lini, na uniti zake nani atazinunua, kwa bei gani.